Albamu yetu ya rock ilivyomtangaza baba mkwe wangu marehemu akiwa shambani kwake Kasungami

Habari za humu ndani, wakuu.

Mimi ni wale wa kusoma kimyakimya. Miaka nakula nyuzi za watu bila kuacha hata comment moja. Leo ni zamu yangu.

Nitakayoandika yamenitokea mwenyewe. Kuna sehemu nitaonekana mjinga, na kuna sehemu moja nitaonekana kitu kibaya kuliko mjinga. Sitairuka. Ningetaka kuiruka nisingefungua uzi.

Niko Lubumbashi, Congo. Kiswahili cha kuandika nimekiokota humu humu kwenu. Watu wa hapa wakiongea nitawaacha na Kiswahili chao, mtaelewa tu. Tafadhali watu wa kusahihisha sarufi, leo pumzikeni.

Haya.

Nina bendi ya rock.

Ndiyo, rock, Lubumbashi. Chekeni mmalize, nitasubiri.

Bendi inaitwa Nyundo Saba na tuko watatu. Tulikuwa wanne, mpiga drums akapata kazi mgodini Kolwezi, akapewa helmeti na bima ya matibabu, na siku aliyotuaga alikuwa na furaha ambayo hatukuwahi kuiona kwake jukwaani. Sikumlaumu.

Bendi nyingine ingetafuta drummer mwingine. Sisi tuna Patou.

Patou ndiye mkuu wa bendi na mpiga gitaa. Gitaa analijua kiasi. Anachokijua sana ni kuongea. Siku ya pili baada ya drummer kuondoka alikuja mazoezini na falsafa nzima imeshaiva.

"Batteur ni ya nini?" akasema. "Muji muzima iko napiga ngoma. Siye tutaokota tu."

Yaani albamu yetu ya kwanza itakuwa ya samples. Kwa wasiojua, sample ni kipande cha sauti ya mtu au kitu. Unakirekodi, unakikata, unakirudiarudia kwenye laptop mpaka kinakuwa muziki. Au mpaka unachoka na kuamua kwamba ni muziki.

Laptop ilikuwa yangu, kwa hiyo siku hiyo hiyo nikapanda cheo kuwa ingénieur wa sauti.

Tulizunguka na recorder mji mzima. Tulienda commune ya Kenya (ni mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si nchi) kwa mafundi wanaoyeyusha aluminium na kutengeneza masufuria, tukarekodi nyundo zao. Tukarekodi jenereta, vyura, wahubiri wa megafoni sokoni, muuza mikate, moto ikikataa kuwaka (moto ndiyo pikipiki kwetu, msije mkadhani kuna kitu kiliungua). Patou alirekodi hata mlango wa choo cha jirani, akasema una "huzuni ya kikoloni".

Nyimbo kumi na mbili. Ukitoa samples, kinachobaki ni Patou akikohoa.

Tuliwarudia mafundi wa masufuria kuwasikilizisha, maana Patou alikuwa anawaambia watu kwamba albamu ni sauti ya mfanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe akasikiliza dakika nzima, nyundo mikononi.

"Sasa hii ni muziki ao ni kazi yetu?" akauliza. "Kama ni kazi yetu, tunaisikiaka kila siku."

Patou akasema watu hawajawa tayari.

Sasa niwaambie kuhusu Clémence, maana bila yeye uzi huu ungekuwa kichekesho tu.

Clémence ni mwanamke ninayetaka kumuoa. Tumekuwa pamoja miaka miwili. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, amelelewa na baba yake, wanaishi wawili tu mtaa wa Hewa Bora. Baba ni mwalimu mstaafu, mwenye asili ya Kasai, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akienda kuchimba mihogo. Ana kaduka ka madaftari, na ana shamba Kasungami nje kidogo ya mji.

Mzee hakunipenda. Hakunichukia pia. Alinitazama kama anavyotazama mtihani wa mwanafunzi ambaye hajaandika jina lake juu.

"Mutoto yangu ataolewa na muntu ya makelele?" alimuuliza Clémence siku ya kwanza, nikiwa nimekaa palepale.

Baba yangu mdogo alishaenda kubisha mlango, yaani ile hatua ya kwanza ya wazee wangu kujitambulisha kwao. Mzee akasema atatoa jibu akimaliza mavuno. Ndiyo au hapana. Clémence aliniambia wazi kwamba baba yake akisema hapana hataweza kumwacha peke yake kwa hasira, na mimi nilimwelewa. Kwa hiyo kila kitu changu kilikuwa kinasubiri mahindi ya Kasungami yakauke.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana ndiyo iliyoniponza.

Kwetu jina la baba mkwe halitamkwi. Humwiti, humtaji, huulizi. Ni Papa bukwe, basi. Na wenyeji wa nyumba hawalitaji mbele yako, kukuepusha na aibu. Clémence anamwita Papa. Dada wa mzee anamwita yaya, kaka mkubwa. Wateja wanamwita Mwalimu. Barua ya kubisha mlango aliiandika baba mdogo. Na huku kwetu mtoto anaweza asiwe na jina la baba yake hata moja, Clémence anaitwa Ngalula.

Wakuu, miaka miwili nimekula ugali wa yule mzee na sikujua anaitwa nani. Na nilikuwa najisifu kwa hilo. Niliona ni adabu.

Turudi kwenye albamu.

Wimbo wa nne unaitwa Komunike. Kwetu mtu akifa redio za mtaa zinatangaza: kinanda cha kanisani kinalia taratibu, kisha sauti ya mtangazaji inaisikitikia familia. Kila mtu anaacha kijiko. Patou akasema huo ndio mwanzo wa wimbo wetu bora kabisa, "kifo cha muji" au kitu kama hicho.

Tulikuwa na rekodi za redio za miezi mitatu. Shida ikawa jina la marehemu.

Na hapa naomba mtambue kwamba sisi ni watu wenye maadili. Patou alisema kutumia marehemu wa kweli ni kumkosea heshima yeye na familia yake. Nikakubali kabisa. Tukaamua, kwa heshima ya wafu, tumtumie mtu mzima mwenye afya.

Tukampata. Mtangazaji yuleyule, tangazo la kamati ya kukarabati paa la kanisa: "Papa Léonard Kabeya, wa Hewa Bora." Jina lina mwendo mzuri. Hewa Bora ina watu wengi mno, nikasema huyo mzee hata hatajua.

Nikakata. Nikabandika. "Familia inasikitika kuwatangazia kifo cha Papa Léonard Kabeya, wa Hewa Bora. Mwili uko morgue. Habari zaidi zitafuata." Ile joint, pale vipande viwili vinapoungana, nilihangaika nayo siku nne, na ilipokaa ukisikia huwezi kujua imekatwa wapi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nasema hivyo mpaka leo.

Chini ya sauti niliweka mapigo mazito, tu, tu, tu. Hayo niliyarekodi uani kwa Clémence, akitwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu. Kila pigo la tatu anaguna kidogo, "hm!" Niliacha hiyo hm. Niliona inagusa.

Sekunde arobaini hivi, kisha gitaa la Patou linaingia na kuharibu kila kitu.

Tukatoa albamu. Yaani tulipeleka flash kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, tukasambaza WhatsApp, tukakaa kusubiri umaarufu. Watu wote walituambia ni nzuri. Clémence pia alisema, "Iko muzuri kabisa, chéri." Hakuna aliyeuliza swali lolote kuhusu wimbo wowote. Sikuona hilo kama dalili.

Wiki ikapita. Alhamisi mzee akaenda Kasungami kuvuna. Kule hakuna umeme, simu yake ya vitufe ilizima siku hiyo hiyo.

Ijumaa mtu asiyejulikana akaweka Komunike kwenye status. Status ikakata kabla gitaa halijaingia.

Jumamosi asubuhi Clémence akanipigia. Alikuwa analia tu, na katikati ya kilio akasema, "Papa. Papa alikufwa."

Nilikaa chini sakafuni. Nawaambia ukweli, nililia. Nilimlilia yeye, yatima wa pande zote mbili. Na ndiyo, nililia pia kwa sababu mzee ameondoka kabla ya kusema ndiyo.

Nilifika Hewa Bora nikakuta kilio kimeshakamilika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimekodiwa, mikeka ya akina mama imetandikwa, picha ya mzee mlangoni imezungushiwa maua. Ndugu wa Likasi, mji wa jirani, walishafika. Sufuria tatu zilikuwa motoni. Kuna nchi zinaandaa uchaguzi polepole kuliko hivi.

Mniulize maiti ilikuwa wapi. Hakuna aliyejua. Wa Likasi waliamini wa Hewa Bora wanajua, wa Hewa Bora waliamini Tonton Gaby anajua. Binamu mmoja alienda morgue, yaani mochwari, mlinzi akamwambia mwenye daftari hayupo, arudi Jumatatu. Akarudi kilioni akasema, "Banasema Jumatatu." Kila mtu akaelewa kwamba mazishi ni Jumatatu.

Tonton Gaby ni mdogo wake mzee. Yeye ndiye alikuwa analia kwa sauti kuliko wote, na kila akimaliza kulia alikuwa anaingia ndani kuitazama friji.

Patou alikuja na bassiste wetu. Alinikumbatia kwa nguvu. "Pole sana, mukubwa." Alipojitenga nikaona waya wa écouteurs, zile za masikioni, umetoka shingoni. Alikuwa anarekodi kilio. Nilikasirika kweli. Halafu kwa kuwa niliahidi sitaruka kitu: mkono wangu mwenyewe ulikuwa mfukoni umeshika recorder. Sikuiwasha. Lakini niliishika.

Mkuu wa shule wa zamani wa mzee akasimama kutoa hotuba. Hotuba ndefu, nzuri. Mzee alikuwa mwalimu asiyechelewa hata siku moja, mzee alifundisha nusu ya mtaa kusoma. Clémence alikuwa mkekani mbele, kichwa kimefungwa kitambaa, analia bila kupumzika. Sauti ilikuwa imemkauka.

Mkuu wa shule akasema, "Tutulize roho zetu, Mwalimu amefika nyumbani."

Na geti likafunguliwa. Mzee akaingia na kiroba cha mihogo begani.

Wakuu, sijui niandikeje. Yule dada wa mzee, ambaye wote humwita Shakazi, yaani shangazi, alianguka kifudifudi. Mtu mmoja aliruka ukuta, na ule ukuta una vipande vya chupa juu. Mchungaji aliyeletwa kuombea marehemu alikuwa amefumba macho, akaendelea na Amina zake kwa muda peke yake.

Mzee akashusha kiroba.

"Nani alikufwa kwangu?"

Mchungaji akafumbua macho, akayafumba tena.

"Nauliza. Nani alikufwa?"

Shakazi akajibu kutoka chini bila kuinua uso. "Ni weye, yaya."

"Mimi? Saa ngapi?"

Clémence alikuwa ameshamrukia shingoni. Alimshika kama anataka kumrudisha ndani ya mwili wake. Sikuweza kuangalia.

Ilichukua muda watu wakubali. Bibi mmoja alimtaka mzee atafune muhogo mbichi mbele ya wote kuthibitisha. Akatafuna. Ndipo hofu ikageuka hasira: nani alisema mzee amekufa?

"Redio ilisema!" Shakazi akapiga kelele. "Mi nilisikia na masikio yangu!" Akatoa simu, akaiinua juu, akacheza audio.

Kinanda kikalia.

Sikuhitaji sekunde mbili. Siku nne nilizokaa na ile joint. "Familia inasikitika kuwatangazia kifo cha Papa Léonard Kabeya, wa Hewa Bora..." Na mzee akasema, kwa mshangao wa kweli, "Lakini hiyo ni jina yangu!"

Ndiyo siku niliyojua baba mkwe wangu anaitwa nani.

Tu, tu, tu, hm. Audio ikakatika.

"Nani alikutumia?" mzee akauliza.

"Gaby."

Watu wote wakageuka. Hesabu ilijipiga yenyewe: Gaby ndiye wa kwanza kutuma, Gaby ndiye aliyeita ndugu wa Likasi, Gaby ndiye aliyekuwa anakaguakagua friji. Mtu akasema Gaby anataka parcelle, yaani nyumba na kiwanja. Mwingine akasema si bure, kumtangazia mtu kifo ni kumwita, huo ni ulozi. Neno hilo likitamkwa kilioni kwetu, wakuu, mambo hubadilika. Vijana wa Likasi wakamshika shati.

"Mi nilitumiwa tu!" Gaby alikuwa analia sasa machozi ya kweli. "Nilipokea, nikatuma! Bote munatumaka!"

Mimi nilikuwa nimesimama chini ya turubai. Niseme, nipoteze Clémence. Ninyamaze, Gaby anapigwa, tena watu walikuwa wanatafuta mtu wa kumpiga na Gaby si mtu mzuri sana. Nilijiambia mambo yote hayo. Nilijiambia pia kwamba Patou ndiye aliyetoa wazo. Nikamtafuta Patou kwa macho, alikuwa anatoka getini na recorder yake.

Kofi la kwanza likapigwa.

Nikasema. "Papa, ni mimi. Ile si redio. Ni wimbo. Ni namba ine ya albamu yetu."

Sijawahi kusikilizwa namna ile jukwaani.

"Wimbo," mzee akasema. "Wimbo ya kuniua."

"Samahani, Papa."

"Juu ya nini ulikamata jina yangu?"

Nikajibu kitu pekee kilichokuwepo. "Papa, jina yako sikuijuaka."

Nikasubiri kupigwa. Badala yake Shakazi akainuka kutoka chini, vumbi usoni, mikono juu.

"Munasikia? Miaka mbili anaingia mu hii nyumba, jina ya bukwe haiyamupita mu kinywa! Batoto ya leo banaitaka bukwe na prénom! Huyu, hata jina haijue!"

Akina mama wakaanza kuitikia. Mutoto wa heshima. Wazazi wake wamemlea. Mtu akapiga kigelegele. Nilimuua mzee wao mbele ya mtaa mzima, na nikatoka pale na cheti cha tabia njema.

Mzee alifikiri. Akasema nilete mbuzi mweupe, kwa desturi, wa kumrudisha kati ya walio hai. Akasema pia kwamba mtu anayekiri mbele ya umati bila kulazimishwa anaweza kumlinda mtoto wake. "Muntu ya makelele, lakini muntu." Kisha akasema ndiyo. Palepale, mbele ya ndugu wa Likasi.

Sufuria zilikuwa zimeiva. Hakuna aliyeenda nyumbani. Turubai ni lilelile, viti ni vilevile, tukala kilio kama harusi. Patou alirudi chakula kilipopakuliwa. Jioni akaniambia wimbo umegusa wananchi, na kwamba watu wawili wameshamwomba awatangazie wajomba zao.

Ningeweza kuishia hapa, na uzi ungekuwa mzuri. Ndugu zake mpaka leo wanaishia hapa wakisimulia.

Clémence hakula.

Nilimkuta bombani anaosha masufuria, tayari kwa maneno matamu. Hakunigeukia.

"Ile kinu ni yangu," akasema. "Shakazi alipoweka simu juu, nilijisikia mi mwenyewe. Hm. Njo nilikuangalia."

Nikachukua sufuria moja nikaanza kuisuuza.

"Nikasema, ngoja, atasema. Banasema Gaby ni mulozi, nikasema, sasa atasema. Banamukamata mu chemise. Hausemi. Banamupiga. Hausemi."

"Lakini nilisema."

"Ulisema wakati uliona mi navuta pumuzi juu niseme."

Wakuu, ni kweli. Hiyo ndiyo sehemu niliyowaambia. Nilipomtafuta Patou macho yangu yalipita kwa Clémence, nikaona anakusanya pumzi, nikajua nina sekunde moja ya kuwa mtu anayekiri kabla sijawa mtu aliyekamatwa. Nikaitumia. Mzee na ukoo wake wote waliona ushujaa. Mtu mmoja tu aliona hesabu.

"Papa alisema ndiyo," Clémence akamalizia. "Mi siyasema bado."

Siku nane hakupokea simu. Mbuzi nilimtafuta, mweupe kweli. Baba mdogo alikuwa anapanga tarehe. Watu wananipongeza barabarani. Sijawahi kupongezwa nikajisikia mchafu vile.

Jumapili nikaenda Hewa Bora bila kualikwa. Mzee yupo, Clémence yupo. Nikasimama mbele ya meza nikamwambia mzee kila kitu: kwamba nilijua tangu kinanda kilipolia, kwamba nilimwacha mdogo wake apigwe, kwamba sikukiri, niliwahi tu. Nikasema kama anataka kuirudisha ndiyo yake, ni haki yake.

Mzee alisukuma kiti nyuma. Akavua miwani. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza.

"Mi pia niko na kitu ya kusema," akasema.

Clémence akaacha kufuta meza.

"Siku ile, moto ilinishusha ku kona. Nikaona picha yangu ku mulango. Nikaogopa. Kisha nikasikia Gaby analia. Nikasema, tiens, Gaby! Nikasimama nyuma ya ukuta, nisikie kidogo." Akaanza kufuta miwani. "Kisha directeur yangu ya shule akaanza discours. Miaka makumi tatu nilifanya naye kazi, hakuna siku alinisifu. Ningeingia namna gani katikati ya discours?"

"Papa," Clémence akasema polepole. "Mi nilikuwa nalia mule."

"Nilikusikia, mama."

"Ulinisikia. Ukangoya."

"Discours ilikuwa inaisha."

Sijawahi kumwona Clémence amekasirika hivyo. Hakupiga kelele. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama tena baba yake, na nadhani tulionekana kitu kimoja.

"Mutoke," akasema. "Bote babili."

Tukatoka.

Kwa wanaouliza nimejifunza nini: kwanza, mtu akikwambia kazi yako ni nzuri muulize kipande gani. Pili, kuna tofauti kati ya kusema ukweli na kuwahi kuusema, na anayekupenda huiona. Hilo la pili limeniuma na bado linaniuma. Wimbo wa nne tumeuondoa kwenye albamu. Patou anasema nimesaliti sanaa, na anatafuta ingénieur mwingine mwenye laptop.

Nisuteni, nichekeni, mwenye baba mkwe asiyemjua jina aje tufarijiane. Nitajibu wote. Ila mniruhusu niwaambie kwanza jinsi ile Jumapili ilivyokwisha.

Nje kwao kuna benchi moja fupi. Mkwe hakai benchi moja na baba mkwe, kwa hiyo mzee akakaa, mimi nikachuchumaa ukutani. Baada ya muda akasogea, akapigapiga ubao na kiganja. Nikakaa. Ndani vyombo vilikuwa vinagongana kwa hasira, na wala sikutamani kurekodi.

Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikafika getini. Kisha mlango ukafunguliwa. Clémence hakutoka, aliita tu jina, mara moja.

Lilikuwa langu. Mzee alikuwa ameshainuka, ikabidi akae tena.